Gari la kijani lililotunza rangi yake, na shamba lisiloandikwa popote

Kila mara habari ya gari lililouzwa kwa mamilioni inapofika kwenye simu za Mubi au Ndjingala, swali la kwanza ni lile lile: linabeba mifuko mingapi ya kasiterite? Mwingine hucheka na kuuliza kama linaweza kupita matope ya Hombo siku ya mvua. Jibu ni fupi. Halibebi kitu. Lina viti viwili, tumbo lake liko karibu na udongo, na kwenye barabara ya taifa namba tatu, ile ya Bukavu hadi Kisangani, lingekwama kabla dereva hajamaliza wimbo mmoja wa redio.

Lakini kuna swali lingine ambalo watu wa Walikale na Masisi wana haki ya kuliuliza kuliko wengi: mnunuzi analipia nini hasa?

Tarehe 5 Mei 2022, kule Stuttgart nchini Ujerumani, kampuni ya Mercedes-Benz iliuza gari lake la mwaka 1955, 300 SLR Uhlenhaut Coupé, kwa euro milioni 135. Mnada uliendeshwa na nyumba ya RM Sotheby's, na bei hiyo ilivunja rekodi zote za minada ya magari. Yalitengenezwa mawili tu ya aina hiyo, na jina lilitoka kwa injinia Rudolf Uhlenhaut, aliyeliendesha barabarani kama gari lake la kazi. Halikukimbia mashindano hata mara moja. Mwezi Juni 1955 gari lingine la kampuni hiyo lilirukia watazamaji huko Le Mans, Ufaransa, watu zaidi ya 80 wakafa, na mwisho wa mwaka kampuni ikajitoa mashindanoni. Fedha za mauzo ya 2022 ziliwekwa katika mfuko wa kusomesha vijana, jambo ambalo linapunguza hasira kidogo kwa anayesikia bei hiyo akiwa chini ya bashi.

Rangi yake ni ya fedha, na rangi hiyo ina hadithi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934, kwenye uwanja wa Nürburgring, gari la Mercedes lilipimwa likazidi uzito ulioruhusiwa, kilo 750, kwa kilo moja. Usiku mafundi wakakwangua rangi nyeupe yote mpaka bati likabaki uchi, na asubuhi gari likang'aa kama fedha. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo. Hata hivyo Wajerumani waliendelea na rangi ya fedha, na leo gari la aina hiyo likipakwa rangi nyingine hakuna tajiri atakayeligusa.

Wakati huo rangi ya gari la mashindano ilikuwa kama bendera. Italia ilikuwa nyekundu, Ufaransa buluu, Uingereza kijani. Ubelgiji ilikuwa njano, na wazee wanaokumbuka wakoloni wanaweza kuongeza la kwao hapo. Aliyesimama kando ya barabara hakuhitaji kusoma namba ili ajue nani anapita.

Ndiyo maana kisa cha Ferrari 250 GTO kinafaa kusimuliwa taratibu. Kati ya 1962 na 1964 kiwanda cha Ferrari kule Maranello kilitoa magari 36 tu ya aina hiyo. Yalipokuwa mapya, moja liliuzwa Marekani kwa kama dola 18,000. Mwezi Agosti 2018 moja liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4, na Novemba 2023 lingine, lililokimbizwa na kiwanda chenyewe mwaka 1962, likafika dola milioni 51.7 huko New York. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilitamka kwamba umbo la gari hilo ni kazi ya sanaa inayolindwa, kwa hiyo si ruhusa kwa yeyote kuliiga na kuliuza.

Moja kati ya hayo 36 lilitengenezwa kwa ajili ya Mwingereza Stirling Moss, dereva aliyekuwa akisifiwa kuliko wote wa siku zake. Timu iliyoliagiza ilikuwa na rangi yake, kijani hafifu, kama jani changa la mgomba. Tarehe 23 Aprili 1962 Moss alipata ajali mbaya huko Goodwood akiwa kwenye gari lingine, akalala mwezi mzima bila fahamu. Mashindano makubwa yakawa yamekwisha kwake. Gari lake la kijani alipewa Innes Ireland, na mwezi Agosti mwaka huo huo akashinda nalo pale pale Goodwood.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2012, gari hilo liliuzwa kwa mapatano ya faragha, na vyombo vya habari vikataja dola kama milioni 35. Lilikuwa bado kijani. Hapo ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu magari mengi ya Ferrari hayakuwa na bahati hiyo. Wamiliki wa baadaye waliyapaka nyekundu, maana kila mtu anajua Ferrari ni nyekundu. Wakaja wengine wakalipa mafundi fedha nyingi ili kuirudisha rangi ya kwanza. Kijani cha Moss hakipendezi kuliko nyekundu. Wengine watasema hata kinachekesha. Bei yake inatokana na kwamba kinasema ukweli: liliagizwa kwa ajili ya nani, likashinda wapi, na hakuna aliyejaribu kuligeuza liwe kitu kingine.

Fundi yeyote wa garaji Goma anaelewa jambo hili bila kusoma. Gari la mtumba likija limepakwa rangi mpya, kazi ya kwanza ni kugonga mlango kwa kidole na kusikiliza. Pakiwa na mastiki chini ya rangi, sauti inabadilika. Sumaku nayo inakataa kushika. Kwenye minada mikubwa wanafanya hivyo hivyo kwa vifaa vya bei: wanapima unene wa rangi, wanatafuta pembe iliyofichika, nyuma ya bawaba au chini ya dashibodi, wanakwangua polepole na kuhesabu matabaka mpaka wafike la kwanza. Kisha wanalinganisha na karatasi: namba ya chasi, namba ya injini, barua ya kiwanda, picha za mashindano, majina ya wamiliki wote mmoja baada ya mwingine. Mwaka mmoja ukikosekana, bei inashuka. (Chukudu ya Masisi haina shida hizo. Haipakwi rangi, na anayeiiba anajulikana kabla ya kufika mteremko wa pili.)

GTO nyingine ilianzia Uingereza, ikavuka bahari hadi Texas. Mwenyewe alipochoka nayo aliizawadia shule ya sekondari ili wanafunzi wajifunze umakanika. Mwaka 1972 shule ikaiuza kwa dola 6,500. Aliyeinunua aliipeleka Ohio, akaiacha juu ya trela katikati ya shamba. Miaka ikapita ikiwa pale nje, mvua na theluji vikiishukia, majani yakiota kuizunguka. Mpita njia angesema ni chuma chakavu. Hata hivyo ilipotolewa pale haikubishaniwa kama ni yenyewe, kwa sababu namba zake zilikuwa zimeandikwa tangu siku ilipotoka kiwandani, na karatasi hizo hazikulala kwenye mvua pamoja nayo.

Watu wa Walikale wanajua biashara ya namba na karatasi kutoka upande mwingine. Kabla kampuni haijaweka mitambo Bisie, vijana walibeba mifuko ya kasiterite mgongoni kupitia msitu hadi Ndjingala, na ndege ndogo zilitua juu ya lami pale Kilambo kuipeleka Goma. Wakati huo hakuna mnunuzi aliyeuliza shimo. Kisha Marekani ikatunga sheria mwezi Julai 2010 ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yanatoka wapi, na Septemba mwaka huo Serikali ya Kinshasa ikafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Krezeri wengi wanaikumbuka miezi hiyo kama njaa. Baada ya hapo zikaja etiketi: mfuko wenye etiketi ukapata kontwari, mfuko usio nayo ukauzwa usiku kwa bei ya kutupa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba etiketi hizo zenyewe zilifungwa kwenye mifuko ya mashimo mengine. Kwa maneno ya garaji, hiyo ni mastiki chini ya rangi.

Kwa hiyo jirani anayesema kwamba historia iliyoandikwa ni starehe ya wazungu matajiri amekosea. Hapa watu wamelipishwa kwa kukosa historia hiyo, na wanaendelea kulipishwa. Malipo makubwa zaidi hayako kwenye madini; yako kwenye mashamba.

Familia iliyotoka Nyabiondo au Pinga na kulala leo katika darasa la shule, au kwa mama mkarimu wa Mubi, iliacha nini nyuma? Iliacha nyumba, migazi, mihogo, labda mbuzi wawili. Hati ya kadasta ni chache sana walio nayo. Sheria ya 20 Julai 1973 ilifanya udongo uwe wa Serikali, na haki za kimila zikaachwa zisubiri agizo la Rais ambalo kwa miongo halikutoka. Shamba la familia hiyo limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu za watu: baba aliyelipewa, chefu aliyelitoa, majirani waliokunywa kasiksi siku hiyo. Vita vikitawanya watu hao, mmoja Goma, mwingine Lubutu, mwingine kaburini, karatasi pekee ya shamba imechanika. Anayerudi anakuta mtu mwingine amelima, na mtu huyo naye ana mashahidi wake.

Kinachotakiwa ni buku la shule na kalamu. Viongozi wa kamati za wakimbizi, wachungaji na makatekista wanaotunza mabuku ya ubatizo, wanaweza kuanza nayo wiki hii. Kila familia iandike ukurasa wake kama vile nyumba ya mnada inavyoandika gari: shamba liko kijiji gani, linapakana na mto gani na nani kila upande, nani alilitoa na mwaka gani, nani alipanda migazi, nani aliwahi kulima kwa kukodi. Kovu nalo liandikwe. Ugomvi wa mpaka wa zamani usifichwe, maana ndio utakaokwanguliwa kwanza siku ya kesi. Mashahidi waweke vidole. Ukurasa upigwe picha na kutumwa kwa mtu wa familia aliye mbali, ili buku likiungua pabaki kitu.

Jambo moja lina hatari, na waliopita vita wanalifahamu: orodha ya watu ikianguka mikononi mwa wenye silaha inaweza kuua. Kwa sababu hiyo kabila lisiandikwe, wala mahali familia ilipo sasa. Shamba halihitaji habari hizo. Na wanaotunza buku wasiwe upande mmoja tu. Mkimbizi na mwenyeji waliangalie pamoja, kwa kuwa mwenyeji wa leo alikuwa njiani mwaka jana, au mwezi Machi 2025 alipokimbilia msituni vita vilipofika Walikale-kati.

Wapo watakaosema karatasi ya kalamu haina nguvu mbele ya hakimu. Ni kweli kwamba si hati. Lakini barua ya kiwanda cha Ferrari nayo ni karatasi tu, na gari la Ohio halikutambuliwa kwa kung'aa kwake. Mahakama za amani na mabaraza ya vijiji husikiliza mashahidi. Maneno yaliyoandikwa mwaka huu, kabla ya mtu yeyote kujua nani atagombana na nani, yatakuwa na uzito kuliko kumbukumbu itakayotafutwa baada ya miaka kumi.

Msimu A wa kilimo unaanza Septemba. Usalama ukiruhusu, baadhi ya baba watatangulia peke yao kwenda kuangalia mashamba, kama kawaida, na kuacha mama na watoto nyuma. Ukurasa uandikwe kabla hawajaondoka, mama akiwepo na akiweka kidole chake, kwa sababu mara nyingi ni yeye aliyelima lile shamba na ndiye anayejua mto umehama upande gani.