Ridhaa Haijazi Tumbo



Juzi hapa Mbweni dogo mmoja wa mtaani, mrefu kama mnazi, alinionyesha simu. Kuna mtu kamwahidi skolashipu ya kikapu Marekani. "Kaka, nikubali?" Nikamwambia kaa kwanza, tuongee.

Njia hiyo ipo kweli. Suleiman Nyambui alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso alipotuletea medali ya fedha ya mita 5,000, Moscow 1980. Hasheem Thabeet katoka Dar hii hii, akapitia chuo cha Connecticut, na 2009 akawa wa pili kuchaguliwa NBA.

Ila soma na upande wa pili. Mwaka 1956 NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo kule, waliruhusu mchezaji alipiwe ada, chakula na malazi. Mshahara? Hakuna, eti yeye ni wa ridhaa. Wakabuni na jina, "mwanafunzi-mwanamichezo", ili akivunjika mguu asidai fidia kama mfanyakazi. Chuo kinauza tiketi na haki za televisheni, kocha analipwa mamilioni ya dola, mwenye jasho anapewa sahani ya wali.

Nani kabadilisha? Siyo huruma ya wakubwa. Wachezaji walikwenda mahakamani, na 2021 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani wakasema NCAA imekosea. Mwaka huo huo wakaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao. Tangu 2025 chuo kinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja. Lakini mgeni bado anabanwa na visa ya mwanafunzi, dogo ajue hilo kabla ya kupanda ndege.

Sasa turudi nyumbani. Medali zetu za Olimpiki ni 2 tu, ya Nyambui na ya Filbert Bayi, zote za 1980. Kiwanja nilichochezea utotoni kimeshazungushiwa ukuta. Serikali inaonekana uwanja wa ndege, siku ya kupiga picha na mshindi.

Tunadai mambo matatu: viwanja vya umma virudi, vyuo vyetu vitoe ufadhili wa michezo, na kijana apate mwanasheria wa kumsomea mkataba kabla hajasaini. Dogo aende akitaka, ila asiende kwa sababu kwao hakuna kitu.

Haki haiombwi, inadaiwa. Tukutane kwenye tawi.