Uchunguzi wa PTSD kwa askari wa zamani: usiseme "salama" kama hulali

Kama ulitumikia jeshi la Marekani na umeomba fidia ya ulemavu kwa sababu ya PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe, huenda siku moja ukaitwa mbele ya daktari usiyemjua. Mtakaa chumbani, au mtaonana kwa video, pengine kwa saa moja, pengine chini ya hapo. Hatakuandikia dawa wala hatakuambia urudi wiki ijayo. Atauliza, atasikiliza, ataandika. Kile atakachoandika kitakuwa na uzito mkubwa kwenye uamuzi wa Idara ya Maveterani, ambayo wengi tunaiita VA. Makala haya yanahusu siku hiyo.

Mimi ni muuguzi wa jamii. Nina stashahada ya uuguzi, si shahada ya sheria, kwa hiyo mambo ya sheria nitayagusa pale tu yanapokutana na afya. Ninachokifahamu nimekipata sebuleni kwa watu wetu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani, nikipima presha na sukari, kisha mazungumzo yanageuka.

Kaka mmoja, mzaliwa wa Kenya, ameniruhusu nieleze yake. Mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Aliingia jeshini kupitia MAVNI, ule mpango uliowapokea wahamiaji wenye ujuzi wa lugha fulani, Kiswahili kikiwa mojawapo. Afghanistan aliendesha malori ya mizigo. Siku moja bomu lililofukiwa barabarani lililipua gari lililokuwa mbele yake. Aliporudi alipata kazi, akaoa, akapata watoto wawili. Miaka ilipita kabla hajakubali kuomba fidia, na alikubali kwa sababu mkewe alimjazia fomu mwenyewe na kumwekea kalamu mkononi.

Siku ya uchunguzi daktari alimuuliza anaendeleaje. Akajibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu." Usingizi? "Si mbaya." Nyumbani kuna amani? "Mke wangu ni mtu mzuri sana." Kazini? "Naenda kila siku." Yote hayo alijibu akitabasamu, maana amelelewa vizuri.

Mkewe alikuwa nje kwenye gari. Angeulizwa yeye, angesema kwamba mumewe analala kwenye kochi sebuleni na viatu miguuni. Kwamba usiku huzunguka kukagua milango, akalala kidogo, akaamka kuikagua tena. Kwamba ameacha kazi mbili kwa sababu ya hasira, na hii ya tatu ni ya usiku kwenye ghala ambako hakuna wa kusema naye. Kwamba harusi ya mdogo wake aliihudhuria akiwa ameketi maegeshoni, kwa sababu ya umati na vigelegele.

Tulipopata nakala ya ripoti tuliisoma pamoja mezani kwao. Usingizi: si mbaya. Ndoa: nzuri. Kazi: anafanya. Daktari hakuwa amesema uongo hata mstari mmoja. Aliandika alichoambiwa.

Kwa nini tunajibu hivyo

Fikiria namna tunavyosalimiana. Habari? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri tu. Hata mtu aliyefiwa jana hujibu "nzuri", kisha anavuta pumzi na kusema, "ila tumepata msiba." Msikilizaji anayeijua lugha husubiri hiyo "ila". Anajua habari yenyewe iko nyuma yake. Daktari wa uchunguzi haijui "ila" yetu. Akisikia "nzuri" anaweka alama na kwenda swali linalofuata. Nawe kwa adabu humkatizi.

Juu ya hapo ongeza jeshi, ambako anayelalamika anaonekana mzembe. Mtu wetu aliyevaa magwanda amefundishwa kunyamaza mara mbili, kwanza na mama yake, halafu na sajini wake.

Halafu kuna maneno. Ni wachache wanaokuja kwangu wakisema wana kiwewe. Wanasema kichwa kinawaka moto. Wanasema mawazo ni mengi, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, au wameota ndoto mbaya na pengine kuna mtu amewafanyia kitu. Mimi nikisikia "mawazo mengi" kutoka kwa mtu aliyetoka vitani, nauliza zaidi. Ukiyatafsiri hayo kwa Kiingereza moja kwa moja, yanasikika kama uchovu wa kawaida. Na neno "kichaa" liko karibu mno na kila kitu kinachohusu akili, kwa hiyo mtu analikwepa kwa kujifanya mzima.

Daktari anapima nini

Kwa uchunguzi wa kwanza wa PTSD, anayekupima huwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu, au mtu anayesimamiwa na mmoja wao. Mara nyingi siku hizi si mwajiriwa wa VA bali anatoka kampuni yenye mkataba nayo. Ndiyo maana simu ya kukupangia siku inaweza kutoka namba usiyoijua. Ipokee. Usipofika bila sababu ya maana, dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo tu. Kama siku hiyo huwezi, piga mapema wakupangie nyingine.

Anatafuta mambo matatu: je, una ugonjwa huu sasa, je, kuna tukio la jeshini lililouanzisha, na je, hayo mawili yameungana. Kuhusu tukio, kanuni ililegezwa mwaka 2010. Kama uliishi kwa hofu ya adui au magaidi mahali ulipotumwa, na hofu hiyo inalingana na mazingira ya utumishi wako, maelezo yako mwenyewe yanaweza kutosha kuthibitisha tukio, mradi daktari wa VA au wa mkataba akubali kwamba linafaa kusababisha ugonjwa. Huhitaji medali. Aliyedhulumiwa kijinsia jeshini pia ana kanuni yake: mabadiliko ya tabia, kushuka kazini, kuomba uhamisho, barua kwa ndugu, vyote vinaweza kuwa ushahidi hata kama hakuripoti wakati ule. Huyu ana haki ya kuomba mpimaji wa jinsia anayoitaka.

Kisha kinakuja kipande ambacho watu wetu wengi hawakijui. Kuwa na ugonjwa peke yake hakuamui kiwango. Kinachoamua ni kiasi ambacho umeharibu kazi yako na mahusiano yako. Kwa magonjwa ya akili viwango ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Mtu anayeweza kufanya kazi kwa kawaida lakini ana wasiwasi, usingizi mbovu wa muda mrefu na siku za kushindwa hapa na pale, huangukia 30. Mtu ambaye kazi, familia, fikra na hisia zote zimepata nyufa, anayeshindwa kuzuia hasira au anayewaza kufa, anakaribia 70. Kwa viwango vya 2025, askari wa zamani asiye na mwenzi wala mtoto alipata kama dola 537 kwa mwezi kwa asilimia 30, na kama dola 1,759 kwa asilimia 70. Tofauti hiyo ni kodi ya nyumba. Kaka yetu alipewa 30.

Na wale wanaodanganya?

Jambo hili limechemka hivi karibuni. Katika mwaka wa fedha wa 2024, VA ilikamilisha madai zaidi ya milioni 2.5, wingi uliochangiwa na sheria ya PACT ya 2022 iliyopanua haki za walioathiriwa na moshi na kemikali. Mwezi Oktoba 2025 gazeti la Washington Post likatoa mfululizo wa makala kuhusu udanganyifu na ulegevu katika mfumo wa fidia, na vyama vya maveterani vikajibu kwa ukali kwamba wanaodanganya ni wachache na wote wanapakwa matope.

Udanganyifu upo, na sioni sababu ya kuuficha. Kuna hata watu wasioidhinishwa wanaowatoza maveterani fedha nyingi na kuwafundisha cha kusema. Ila mjadala huo unaangalia upande mmoja wa mizani. Katika nyumba ninazoingia, tatizo ninalokutana nalo ni lile jingine: mtu mgonjwa kweli anayejieleza kama mzima. Hakuna gazeti linalomwandika huyo, kwa sababu hakuna fedha iliyopotea isipokuwa ya kwake. Na kila mjadala wa wadanganyifu ukipanda, yeye ndiye wa kwanza kusikia aibu. Mdanganyifu hana aibu hiyo. Kaka yetu alipomaliza kusoma habari zile kwenye simu aliniambia, "Sista, labda waniache tu na hiyo 30. Nisije nikaonekana mwizi."

Sista ndivyo tunavyoitwa wauguzi kule nyumbani, na bado napenda kuitwa hivyo. Nilimuuliza kama kulala na viatu ni wizi.

Kabla ya kwenda

Nisieleweke vibaya. Sikushauri uongeze chumvi. Wapimaji wana namna za kugundua maelezo yaliyotiwa chumvi, na kudanganya serikali ni kosa la jinai. Ninachokuomba ni useme "ila" yako kabla hujaulizwa mara ya pili.

Kaa na mwenzi wako au rafiki anayekujua, wiki moja kabla, na mwandike. Msiandike majina ya dalili, andikeni matukio. "Sina usingizi" haimwambii daktari kitu. "Wiki iliyopita niliamka saa tisa usiku nikiwa nimeshika mkono wa mke wangu kwa nguvu mpaka ukavimba" inamwambia. Eleza siku zako mbaya, na zinatokea mara ngapi kwa wiki au mwezi, maana daktari anatakiwa kujua mara ngapi na kwa ukali gani. Kama siku uliyokwenda ni nzuri, sema kwamba leo ni nzuri na jana haikuwa. Eleza pia ulivyoacha mambo: kanisa au msikiti uliokuwa huukosi, mpira wa Jumamosi, simu za nyumbani unazoziangalia zikiita mpaka zinakata.

Mwenzi wako anaweza kuandika maelezo yake kama shahidi, na VA ina fomu ya hilo. Asiandike wewe ni mgonjwa. Huo ni uamuzi wa daktari. Aandike anachokiona kwa macho.

Kujaza madai, tafuta mwakilishi aliyeidhinishwa. Vyama kama DAV, VFW na American Legion husaidia bila malipo. Na uraia si sharti la fidia hii, kinachoangaliwa ni utumishi wako na namna ulivyoachishwa jeshini.

Uwezekano mmoja usikushtue: uchunguzi wenyewe unaweza kukurudisha kule. Wengi hukaa siku mbili tatu wakiwa hoi. Usipange zamu ya kazi jioni ile. Mtu akuendeshee gari. Aliyeko nyumbani aambiwe mapema kwamba huenda ukawa kimya au mkali, asilichukulie moyoni.

Na tiba isingojee barua. Kuna tiba za mazungumzo zilizothibitishwa kwa ugonjwa huu, na dawa pia. Vituo vya Vet Center vinatoa ushauri bure na kwa siri kwa waliotumikia maeneo ya vita na waliodhulumiwa kijinsia jeshini. Wengine wananiambia wanaogopa kwamba wakipata nafuu watapunguziwa. Ni kweli VA inaweza kukuita upimwe upya. Mimi nikiwa muuguzi siwezi kukushauri ubaki mgonjwa kwa ajili ya hundi, na watoto wako hawawezi pia.

Kama mawazo ya kufa yanakujia, hata yale ya "afadhali nisiamke", mwambie mpimaji jinsi yalivyo, ukitofautisha wazo na mpango. Kama kuna mpango, au unaona hutaweza kujizuia, usisubiri uchunguzi wowote: piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote, au tuma ujumbe kwa 838255. Tangu Januari 2023 askari wengi wa zamani wanaweza kupata huduma ya dharura ya aina hiyo bure, ndani au nje ya hospitali za VA, hata kama hawajajiandikisha.

Uamuzi usiporidhisha, kwa kawaida una mwaka mmoja wa kuupinga. Unaweza kupeleka ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu aupitie, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa. Omba kwanza nakala ya ripoti ya mpimaji, maana huwezi kusahihisha usichokisoma.

Kaka yetu amepeleka ushahidi mpya: kumbukumbu za mshauri wake wa Vet Center, na kurasa mbili za mkewe zilizoandikwa kwa mkono. Ameitwa tena, mwezi ujao. Juzi nilipita kumpima presha, nikamuuliza habari za asubuhi. "Nzuri," akasema. Mkewe akaacha kukuna nazi, akamwangalia. Naye akacheka kidogo, akaegemea ukuta, akasema, "Ila sijalala."