Mtunze Mlinzi wa Nyumba: Ngozi, Manyoya na Kucha za Mbwa



Mwezi huu ukurasa wetu unamtazama mlinzi mmoja wa nyumbani ambaye hupewa makombo, hufukuzwa jikoni, na mara chache sana huangaliwa kwa makini. Ni mbwa. Huenda ukasema, “Mimi nina watoto wanne, mume, kuku na shamba. Nitapata wapi nafasi ya kuchana mbwa?” Swali hilo ni la haki. Lakini mama mwenzangu, sizungumzii mapambo. Mbwa analala pale pale watoto wako wanapochezea. Anachobeba kwenye ngozi yake, kesho kitakuwa kwenye miguu ya watoto hao. Kumsafisha ni njia ya kumkagua, na kumkagua ni kuilinda nyumba yako.

Kwa nini Mloka wanamhitaji mbwa

Tuchukue mfano wa Mloka, wilayani Rufiji. Ukitoka Kibiti ukapita Mkongo, barabara inakufikisha kijiji hiki kilicho kando ya mto, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hadi mwaka 2019 eneo hilo la hifadhi lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Anayelima huko hulima mlangoni pa wanyama. Mchana nyani na ngedere huvamia mahindi, na usiku huja nguruwe pori. Ndiyo maana mazao yakikaribia kukomaa watu wa Rufiji huhamia mashambani na kulala kwenye dungu.

Kulala huko kuna hatari yake. Kati ya miaka ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Watafiti walioandika mwaka 2005 kuhusu mashambulizi ya simba nchini Tanzania walionyesha kwamba yanatokea zaidi penye nguruwe pori wengi. Nguruwe ndiye chakula cha simba, na nguruwe huyo huyo ndiye anayemfanya mkulima akalale shambani. Mahali kama hapo mbwa anayebweka mapema ni msaada mkubwa. Lakini mbwa mwenye upele hashindi akilinda, anashinda akijikuna. Mwenye kupe wengi huishiwa damu na kulala tu. Mwenye ukucha uliozama nyayoni huchechemea, wala hawezi kumfukuza hata ngedere.

Kabla hujamgusa

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Usianze kumshika mbwa masikio na midomo kama hajachanjwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 uliendeshwa mradi mkubwa wa chanjo katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba, nao ulionyesha kuwa mbwa wakichanjwa wengi kwa pamoja ugonjwa huu hupungua sana. Muulize bwana mifugo wa kata yako siku ya chanjo.

Mbwa akikung’ata au kumng’ata mtoto, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atabadilika. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, tiba ya kumponya hakuna.

Nusu saa kwa juma

Chagua siku moja, kwa mfano Jumamosi jioni jua likipungua. Mfunge mbwa kivulini, mbali na jiko na mahali pa kulia chakula. Anza na kitana chenye meno mapana au brashi ngumu ya zamani. Chana kabla ya kuosha, kwa sababu manyoya yaliyosokotana yakipata maji hukaza zaidi. Fuata upande manyoya yanakolala, kutoka shingoni kwenda mkiani.

Unapochana, mkono wako wa pili uwe unapapasa. Tazama mahali hapa sita:

1. Ndani na nyuma ya masikio.
2. Shingoni, hasa chini ya kamba.
3. Makwapani.
4. Kinenani.
5. Chini ya mkia.
6. Katikati ya vidole.

Hapo ndipo kupe wanapojificha. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia mbaya: akishiba huanguka na kwenda kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Basi ukimtunza mbwa na kuusahau ukuta, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa kwa udongo, fagia anapolala, na gunia lake lichemshwe au libadilishwe.

Kupe mmoja mmoja mtoe kwa kibano. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa kijinga cha moto wala kumpaka mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha, maana damu yake ina magonjwa. Mtumbukize kwenye kopo lenye maji ya sabuni nzito, kisha unawe mikono. Mbwa mwenye kupe akiacha kula, akapata homa na ufizi wake ukawa mweupe, mpeleke kwa bwana mifugo bila kuchelewa.

Kuogesha: nyumbani, si mtoni

Akina mama wa Mloka wanajua vizuri zaidi yangu kwamba Mto Rufiji una mamba na viboko. Hata hivyo ni rahisi kumwambia mtoto, “Mpeleke mbwa mtoni akaoge.” Tafadhali usimtume. Mbwa anayerukaruka majini humwita mamba, na mtoto aliyeshika kamba yuko naye pale pale. Ndoo mbili za maji nyumbani zinatosha.

Mara moja kwa mwezi inatosha pia. Ngozi ya mbwa ina mafuta yake ya asili, na ukimwosha kila siku utayaondoa, ngozi ikauke na kuwasha. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwake. Tumia sabuni laini, kama ile ya kuogeshea watoto wachanga. Lowesha mwili kuanzia shingoni, sugua kwa dodoki lake mwenyewe, usiingize maji masikioni wala machoni, kisha suuza mpaka utelezi wote uishe. Sabuni iliyobaki ndiyo huleta kujikuna. Mkaushe kwa gunia safi na umfunge juani kidogo, asije akaenda kugaagaa mavumbini.

Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa yanaweza kutumika kummwagia mwishoni. Hufukuza wadudu kwa kiasi, lakini si badala ya dawa, na mbwa asiyanywe.

Dawa zinazoweza kuua

Hapa naomba usome polepole. Wapo wanaompaka mbwa mafuta ya taa au oili chafu ya gari ili kuua upele. Vitu hivi huunguza ngozi, na mbwa akijilamba vinaingia tumboni na kumdhuru. Wapo pia wanaotumia dawa ya kuogeshea ng’ombe kwa kukisia. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kutumika kwa mbwa, lakini kwa kipimo chake. Soma kibandiko au muulize bwana mifugo. Vaa glavu, na usipate glavu vaa mifuko ya nailoni mikononi. Mama mjamzito au anayenyonyesha asishike kazi hii, amwachie baba. Watoto wa mbwa wachanga wasiogeshwe dawa, bali watolewe kupe kwa mkono. Dawa nyingi za kupe huua paka na samaki, kwa hiyo maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni, kisimani wala bwawani. Chimba shimo mbali na maji uyamwage humo. Chupa tupu usiiweke mafuta ya kupikia, hata ukiiosha mara kumi.

Usome ngozi kama unavyousoma uso wa mtoto

Ngozi ya mbwa husema mapema. Sikiliza:

Manyoya yakinyonyoka masikioni, viwikoni na tumboni, na mbwa akajikuna usiku na mchana, huo ni upele. Wadudu wake wanaweza kuwasha na watu waliomgusa. Tenga gunia lake na utafute tiba ya sindano au dawa ya kuogea.

Duara lisilo na manyoya, lenye magamba, huenda ni choa. Watoto huambukizwa kwa kumkumbatia.

Jipu lenye tundu dogo katikati mara nyingi lina funza wa inzi ndani. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka, ngoja kwa muda, funza akitokeza kutafuta hewa mtoe taratibu asikatike. Inzi huyo hutaga pia kwenye nguo zilizoanikwa mahali penye kivuli au mchangani. Anika juani, na uzipige pasi, hasa nepi.

Macho yakiwa na ukungu wa bluu, uso umevimba na mwili unakonda, fikiri kuhusu mbung’o. Karibu na hifadhi mbung’o ni wengi, na ugonjwa wa nagana humwua mbwa asipotibiwa. Hili si la kutibu nyumbani.

Miguu na kucha

Mbwa wa kijijini anayetembea sana husaga kucha zake mwenyewe ardhini. Basi usikate kwa mazoea. Mbwa akisimama mahali tambarare, kucha zisiguse chini. Zikigusa, zimezidi. Lakini ule ukucha wa pembeni, juu ya nyayo, haugusi ardhi kamwe. Huo ndio unaojikunja kama ndoano na kuingia nyamani. Uangalie kila mwezi.

Ndani ya ukucha kuna nyama hai yenye damu. Kwenye ukucha mweupe utaiona kwa wekundu wake. Kwenye ukucha mweusi huioni, kwa hiyo punguza ncha kidogo kidogo, au tumia tupa ndogo badala ya kukata. Damu ikitoka usifadhaike: bonyeza unga wa mahindi hapo kwa dakika chache, itakoma. Mtu wa pili ampapase mbwa kichwani na kusema naye kwa upole. Ukimpiga siku ya kwanza, siku ya pili hatakupa mguu.

Halafu fungua vidole. Doa dogo jeusi lililozungukwa na uvimbe mweupe ni funza. Mdudu huyu si wa kwetu asili: aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Hupenda mchanga mkavu wenye kivuli, hapo hapo mbwa anapojinyoosha na mtoto anapokaa kucheza. Mtoe kwa sindano iliyochemshwa na usafishe kidonda. Sindano ya mbwa isitumike kwa mtu, wala ya mtoto mmoja kwa mwingine. Kisha nyunyiza maji na fagia uwanja kila asubuhi, na watoto wavae ndala. Ukimwona mbwa na funza leo, angalia nyayo za watoto usiku huu huu.

Manyoya hulishwa kutoka ndani

Kitana hakiwezi kung’arisha manyoya ya mbwa mwenye njaa. Ugali mtupu haumtoshi. Mchanganyie mchuzi wa samaki, dagaa waliosafishwa mchanga, au vichwa na matumbo ya kambale na perege yaliyochemshwa vizuri, miiba mikubwa ikiondolewa. Usimpe nyama mbichi wala vitunguu. Dawa ya minyoo aipate mara kwa mara kwa ushauri wa bwana mifugo, na kinyesi chake kifukiwe.

Ujirani mwema

Neno la mwisho ni la moyo. Sisi tunaofuga mbwa Mloka, Kibiti na delta nzima tunaishi na ndugu Waislamu, na wengi wao wanaona mate ya mbwa kuwa najisi. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Fikiria basi kazi unayompa jirani mbwa wako akilamba sufuria yake, au akilala juu ya mkeka wake wa kuswalia. Mbwa awe na ndoo yake, bakuli lake na dodoki lake. Asiogeshwe penye bomba la wote wala kisimani. Afungwe mchana na afunguliwe usiku. Ukipita na maji yake, wapishe watu njia. Jirani akiona unajitahidi hivyo, siku nguruwe watakapoingia shambani kwake yeye mwenyewe atakuomba umwazime huyo huyo mbwa.

Tunafundishwa kumhurumia mnyama aliye chini ya mkono wetu. Jumamosi hii tafuta kitana cha zamani, kibano na kopo la maji ya sabuni, umwite mlinzi wako kwa jina lake. Waite na watoto wakubwa waone unavyofanya, ili juma lijalo wakusaidie. Wadogo wakae pembeni, na wote wanawe mikono mkimaliza.

Tukutane tena mwezi ujao. Nyumba zenu ziwe na afya na amani.