Nampigia debe mjomba, na sina aibu

Najua nimepotea humu wiki tatu nzima, lawama nimezipokea. Kulikuwa na testi mbili, kulikuwa na ripoti za maabara, na bumu nalo si mnajua lilivyotuchezea. Leo nina jambo moja tu na nalisema wazi kabisa: nampigia mtu debe. Waheshimiwa bungeni hutangaza maslahi kabla ya kuchangia, basi na mimi natangaza. Huyo mtu ni mjomba wangu wa Tanga, mdogo wake mama. Sijalipwa. Likizo iliyopita nilikula wali na samaki kwake, lakini huo ningekula hata nisingeandika.

Kazi yake ni kutengeneza kwa mkono mashine za kuhamisha filamu za zamani za nyumbani kwenda kwenye kompyuta. Nasema filamu, sio kanda za VHS. Sisi tuliozaliwa juzi wengi hatujawahi kuzishika. Ni ule utepe mwembamba wenye vitobo pembeni, unaviringishwa kwenye rili ndogo inayoenea kiganjani. Aina iliyoenea sana majumbani inaitwa Super 8, Kodak waliitoa mwaka 1965. Upana wake ni milimita 8 tu. Rili ya kawaida ina futi 50, yaani kama mita 15, na ndani yake kuna picha 3,600. Ukizionyesha kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde unapata dakika 3 na sekunde 20. Basi, imekwisha. Na nyingi hazina sauti.

Sasa kwa nini nijali? Ngoja niwasimulie.

Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muheza. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kamera ya Super 8 na filamu chache. Babu akapiga rili sita, kidogokidogo, kati ya mwaka 1972 na 1976, na kila moja ikatumwa Ulaya kwa posta kusafishwa, maana hapa usingeweza. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamera, mwenyewe haonekani. Isipokuwa rili moja, siku aliyompa bibi kamera naye akaenda kusimama mbele. Babu alifariki mwaka 1991. Mimi sikumkuta. Nyumbani kuna picha zake mbili, na moja ni ya kitambulisho.

Mwaka 2019 mama alichukua ile rili yenye babu akaipeleka kwenye duka moja mjini, wakasema kazi hiyo ni ndogo. Walichofanya ni kuweka filamu kwenye projekta kuukuu, wakaipiga ukutani, wakarekodi ukuta. Filamu ya umri huo huwa imesinyaa, vitobo havilingani tena na kijino kinachoivuta. Ikakwama. Projekta ina balbu kali yenye joto, na filamu ikisimama mbele ya joto lile inayeyuka. Tulirudishiwa tonge la plastiki lililokunjamana na DVD yenye sekunde kama arobaini. Ndani yake kuna mtu mrefu, shati jeupe, anatembea kuja kwenye kamera huku anacheka. Kabla hajafika karibu, picha inakuwa ya kahawia, inatoboka katikati, kwisha habari.

Mama hakuongea siku ile. Mjomba naye hakuongea, ila aliichukua ile projekta mbovu ya babu iliyokuwa darini akaenda nayo kwenye karakana yake ya kutengeneza redio. Ikamchukua mwaka na nusu.

Wana BSc Education wenzangu, hapa ndipo patamu. Kwenye mawimbi tulisoma kwamba masafa mawili yasiyolingana yakikutana unapata mapigo: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Ukirekodi ukuta ndicho kinachotokea. Projekta inatoa picha 18 kwa sekunde, kamera inachukua 25 au 30. Hazikutani, ndiyo maana picha inapepesa kama taa ya mgao. Juu ya hapo katikati panang'aa sana na pembeni giza.

Dawa yake ni kuacha kurekodi ukuta. Unaipiga filamu yenyewe, picha moja moja, ikiwa imesimama. Mjomba aliitoa ile balbu ya moto akaweka taa ya LED isiyo na joto, mbele yake kipande cha plastiki nyeupe ili mwanga usambae sawasawa. Mota ya zamani akaitoa, akaweka mota ya polepole ya printa iliyokufa. Kwenye shafti akabandika sumaku ndogo, na pembeni sensa. Kila shafti ikizunguka mara moja, picha moja imeingia na kutulia, sensa inaiambia kamera: piga sasa. Kamera yenyewe ni ile ndogo ya Raspberry Pi iliyotoka mwaka 2020, ya megapikseli 12, amefunga na lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Lazima ikuze, maana picha moja ya Super 8 haifiki milimita 6 kwa upana. Nyuma kuna laptopu inayopokea picha na kuziunganisha tena kuwa filamu kwa kasi yake ileile ya 18.

Mashine inapiga picha 2 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: picha 3,600 ni nusu saa kwa rili ya dakika tatu. Polepole? Ndiyo, na hiyo ndiyo raha yake. Filamu ikianza kuvutwa vibaya unaiona, unazima, unarekebisha kwa kidole.

Na wala si yeye aliyegundua. Watu wa karakana ndogo wamekuwa wakifanya hivi kwa miaka mingi sehemu mbalimbali duniani. Kule Texas, Marekani, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo MovieStuff iliyojulikana kwa kuchukua projekta za kawaida na kuzigeuza namna hiihii, mashine yao ikaitwa WorkPrinter. Wapo pia waliochora mashine zao na kutoa michoro bure kwenye intaneti ili kila mtu ajenge yake. Mjomba amesoma humo, akachukua cha huyu na cha yule, kilichobaki akakitafuta kwenye vyuma chakavu.

Mashine yenyewe, niseme ukweli, ni mbaya kwa sura. Inaonekana kama cherehani iliyogongana na redio ya mbao. Mshikaji wangu mmoja wa hosteli nilipomwonyesha picha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza swali ambalo mtaniuliza na ninyi: si kuna mashine za kiwandani, ndogo, nzuri, unaagiza tu mtandaoni?

Zipo. Kwa filamu iliyo nzima hata mimi nisingemkataza mtu. Lakini filamu zetu sio nzima. Zimekaa miaka hamsini kwenye masanduku ya bati, kwenye joto na unyevu wa pwani. Na ile ya kiwandani ikiharibika utampelekea nani? Ya mjomba ikiharibika inafunguliwa kwa bisibisi mezani, na aliyeitengeneza yupo, anaitika simu. Wengine wanasema tupeleke Ulaya. Sawa, ila pima na gharama, pima na moyo wako siku utakapokabidhi kitu kisicho na nakala kwa mtu wa posta.

Kuna na haraka wadau, siwatishi. Filamu hizi zimetengenezwa kwa asetati. Joto na unyevu vinaivunja na kutoa asidi ya asetiki, ambayo ni siki hiyohiyo ya kachumbari. Asidi ikishaanza inaharakisha uharibifu wenyewe, na mvuke wake unaambukiza rili za jirani. Kwa hiyo ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, jua saa inakimbia. Itenge na nyingine. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache ipumue mahali pakavu na pa baridi. Na tafadhali, usiiweke kwenye projekta eti uone kama bado inafanya kazi. Sisi tulilipia somo hilo.

Rili tano za babu zilizobaki zilipita kwenye mashine ya mjomba. Nne ziko safi. Ya tano ilikuwa na siki, mjomba aliizungusha kwa mkono usiku kucha, akaokoa nusu.

Kwenye moja kuna watoto wa shule wanalima shamba la mahindi. Mnakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967? Tumeisoma, tumeijibu kwenye mtihani, malengo matano na changamoto tano. Mimi nilipata B+. Lakini sikuwa nimewahi kuiona. Kwenye rili ile kuna binti mdogo ameegemea jembe, amechoka, anaitazama kamera kwa hasira kabisa kama anasema baba niache. Ni mama yangu. Nilielewa kitu pale ambacho hakipo kwenye zile kurasa nilizokariri: kwamba ilikuwa sera, halafu ilikuwa pia mtoto mwenye njaa saa tano asubuhi.

Na tukumbuke, bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Filamu nyingi za nyumbani zilizopigwa huku enzi za ukoloni walizipiga wageni, na leo nyingine zipo kwenye hifadhi ya jiji la Bristol, Uingereza. Zimetunzwa vizuri, nashukuru. Lakini mle ndani sisi tunapita nyuma tumebeba mizigo. Zilizopigwa na watu wetu wenyewe ziko chini ya vitanda, na hakuna anayezihesabu. Tukienda kufundisha tutawaonyesha watoto nini?

Ndiyo maana nasema mjomba alipwe, tena bei yake. Rili moja anachukua shilingi 20,000, mashine nzima ni makubaliano. Nimesikia mtu akisema ghali. Nusu saa ya mashine, saa moja ya kusafisha na kuunga palipokatika, nusu siku ya kuweka rangi sawa. Kinyozi wa hapa chuoni kwa saa anamshinda. Tunapenda sana kusema tuunge mkono mafundi wetu, halafu tukifika mezani tunaomba bei ya mjomba. Hata mimi mpwa wake nililipa.

Na asichoweza pia nikiseme. Filamu zenye sauti hawezi kutoa sauti bado. Filamu za milimita 16 hapokei. Iliyoyeyuka hairudishi, hakuna anayeirudisha.

Ombi langu ni dogo. Mkienda nyumbani likizo, muulizeni bibi, muulizeni mwalimu mstaafu, muulizeni yule mzee wa duka la vitambaa: kuna kopo la filamu humu ndani? Likiwepo, linuseni. Halafu mnitafute, nitawaunganisha na Tanga.

Ile DVD ya sekunde arobaini mama anayo bado. Huisimamisha kabla picha haijawa ya kahawia.

Naomba kutoa hoja.