Faiba Imefika Kwenye Ploti Yenu, Lakini Usilipe Mwaka Mzima

Wiki hii unaona vijana wenye ngazi wakivuta waya mweusi kutoka kwenye nguzo hadi ukutani mwa ploti yenu. Wiki ijayo kuna bango getini, faiba imefika, kuunganishwa ni bure, na kijana mwenye fulana ya kampuni anapiga hodi mlango baada ya mlango. Kama uko Roysambu, Umoja, Kahawa West ama Bamburi, picha hii unaijua. Na ni habari njema, hatukatai. Bando za kila siku hula pesa kimyakimya. Shilingi 100 kwa siku, watu wawili nyumbani, tayari ni 6,000 kwa mwezi. Faiba ya 3,000 hivi inakaa kama ya bure.

Sisi hatuuzi intaneti. Tunapitisha malipo, na malipo yakipita kwetu tunapata chetu, uwe umelipa kwa busara au umelipa vibaya. Soma maoni yetu ukijua hivyo. Tunachosema ni hiki: faiba ilipie mwezi mmoja mmoja, hata kama umeahidiwa punguzo tamu ukilipa mwaka mzima.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme kifurushi ni 3,000 na unaambiwa lipa miezi 10, upate 12. Unatoa 30,000 leo, unaokoa 6,000. Sawa. Sasa mwezi wa nne laini inaanza kukatika kila jioni, unapiga simu, unapewa namba ya malalamiko, fundi anakuja kesho, na kesho haifiki. Aliyekuwa akilipa kila mwezi ametumia 12,000 na anaweza kuacha leo. Wewe una 18,000 zimelala kwa mtu mwingine, na kazi yako sasa ni kubembeleza. Tumepokea simu za wateja walio katika hali hiyo wakituuliza kama tunaweza kurudisha pesa. Hatuwezi. Ulilipa mwenyewe, kwa namba sahihi, kwa PIN yako.

Mteja wa faiba hana nguvu nyingine zaidi ya ile ya kuacha kulipa na kwenda kwingine. Angalia yaliyotokea nchini. Starlink ilianza kuuza hapa Kenya Julai 2023, watu wakaanza kulinganisha. Septemba 2024 Safaricom ikaongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani. Kile cha 2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15 bila bei kupanda. Mteja akiwa na pa kwenda, anasikizwa. Ingawa hata hapo pa kwenda pana kikomo: Novemba mwaka huohuo Starlink ilisimamisha kwa muda kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Shida ni kwamba chaguo hilo la nchi nzima mara nyingi huishia getini. Kwenye matangazo kuna kampuni nyingi, lakini kwenye ngazi zenu kuna waya mmoja tu. Wakati mwingine sababu ni ya kibiashara: kufikisha waya hadi jengo lenye nyumba 40 ni gharama, na kampuni ya pili ikiona nusu ya nyumba zimeshachukuliwa, haioni faida ya kuja. Wakati mwingine ni mwenye ploti ameelewana na kampuni moja, zingine mlinzi anazirudisha. Wapangaji hawaambiwi. Wanagundua siku wanapotaka kuhama kampuni.

Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anatoboa ukuta wake, lakini bili inalipwa na mpangaji, na mpangaji ndiye angepaswa kuchagua. Kwa hiyo swali la faiba liulize pamoja na lile la maji na stima, kabla ya kutoa depositi ya nyumba: hapa zimeingia kampuni ngapi, na nyingine ikitaka kuingia itaruhusiwa? Kama tayari uko ndani, usiende kwa mwenye ploti peke yako. Nyumba kumi zikiomba kampuni ya pili ni ombi, na orodha hiyohiyo ya majina ukiipeleka kwa kampuni yenyewe wanaona sababu ya kuvuta waya.

Tuje kwenye kasi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hulipa zaidi ya wanachohitaji. Neno la kutazama kwenye bango ni “hadi”. Hadi Mbps 40 si ahadi ya 40. Waya unaokuja mtaani kwenu hugawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32 au hata 64, na saa mbili usiku wote mko mtandaoni. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinatosha kutazama filamu kwa picha safi ya HD, na 15 kwa ile ya 4K. Familia ya watu wanne yenye simu na televisheni moja inaweza kuanza na kifurushi cha chini kabisa, ikiona haitoshi ipande. Kupanda ni rahisi, hakuna kampuni itakayokukataza. Na kabla hujalaumu kifurushi, sogeza raota. Kuta za mawe za nyumba zetu zinaua Wi-Fi vibaya sana.

Kipimo bora kuliko bango ni jirani. Mwombe akuonyeshe saa mbili usiku, si saa nne asubuhi wakati watu wako kazini. Muulize pia mara ya mwisho laini ilipokatika ilichukua siku ngapi, na kama alifidiwa siku hizo. Halafu uliza kampuni: raota ni yangu au ya kurudisha? Kuna kiwango cha data ambacho nikikipita kasi inashushwa? Kifurushi ni cha mwezi au cha siku 30? Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ukilipa kila siku 30, tarehe yako inarudi nyuma kila unapopita mwezi wenye siku 31, na siku moja inaangukia tarehe 24 kabla mshahara haujaingia.

Kuhusu kulipa kwenyewe hatutarefusha. Pesa za kuunganishwa zisitumwe kwa namba ya yule kijana, hata akiwa na fulana, hata akisema “system iko chini”. Lipa kwa Paybill ya kampuni, na kabla hujaweka PIN soma jina linalotokea. Pesa zikienda kwa namba ya mtu binafsi na akazitoa kwa ajenti, kuzirudisha ni vita. Weka ujumbe wa malipo. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa kampuni na uchukue namba ya lalamiko. Wakikunyamazia, ndipo unaenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa na hiyo namba na tarehe zako.

Na ukihama nyumba, ifute ile akaunti ya zamani kwenye orodha ya malipo uliyohifadhi kwenye simu. Kila mwezi kuna mtu analipia intaneti ya mpangaji aliyeingia baada yake, na huyo mpangaji, tunavyojua, hapigi simu kuuliza.