Nafasi Iliyo Mbele ya Lango

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni ile nafasi iliyo baina ya motokaa na lango la shule. Kwa mtoto mwenye viungo vizima, nafasi hiyo ni hatua kumi za kukimbia. Kwa mtoto aendaye kwa kiti cha magurudumu, au asiyeona, au mwenye mtindio wa ubongo, nafasi hiyo yaweza kuwa ndiyo mwisho wa elimu yake.

Pengine mtu atauliza: Vipi hatua kumi zimzuilie mtoto elimu? Na tutazame. Mama humbeba mwanawe mgongoni akiwa na miaka sita, na akiwa na miaka minane bado humbeba. Walakini mtoto huzidi uzito kila mwaka, na nguvu za mama hazizidi. Hufika siku asiweze tena kumchukua kutoka barabarani, kupenya baina ya motokaa na bajaji zilizoziba njia, kuvuka mtaro na kupanda ngazi. Siku hiyo mtoto hubaki nyumbani. Hakuna mwalimu aliyemfukuza. Amefukuzwa na mtaro, na ngazi, na motokaa zetu.

Jambo hili halikuanza kwetu, na yafaa tutazame wengine walilitengenezaje. Huko Marekani, Judith Heumann, aliyezaliwa mwaka 1947 na kupatwa na ugonjwa wa polio utotoni, alipelekwa na mama yake kuanza shule akiwa na umri wa miaka mitano. Mkuu wa shule akamkataa, akisema ati kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukizuka. Hakupata kusoma shuleni hata alipotimia miaka tisa. Alipokuwa mtu mzima akawa miongoni mwa viongozi wa kudai haki. Na mwaka 1977 yeye na wenzake wengi walikaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya majuma matatu, mpaka zikatiwa saini kanuni za kukataza ubaguzi juu ya watu wenye ulemavu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 juu ya elimu ya watoto hawa, pamoja na kanuni zake, haikutosheka na kufungua mlango wa darasa. Usafiri nao ulihesabiwa kuwa ni sehemu ya haki ya mtoto anayeuhitaji: kwenda shule na kurudi, na hata kupita ndani na kandokando ya majengo ya shule. Ikafuata sheria nyingine mwaka 1990, na vipimo vyake vya mwaka 2010 vyaeleza kwamba mahali pa kushushia abiria pawe na upana wa karibu sentimita 244 na urefu wa mita 6, na kando yake nafasi tupu ya karibu sentimita 152, ardhi ikiwa karibu sawa kabisa. Penye maegesho ya motokaa 25, nafasi moja iwe ya wenye ulemavu. Penye maegesho 100, ziwe nne.

Wengi hudhani nafasi ile tupu yenye mistari haina kazi. Sivyo. Hapo ndipo mtambo wa basi unaposhushia kiti cha magurudumu, na hapo ndipo kiti kinapogeuka. Aegeshaye motokaa yake hapo amemfungia mtoto mlango, hata kama hakuligusa lango.

Wala haja si za kiti peke yake. Kiziwi hasikii motokaa inayorudi nyuma. Asiyeona ameihifadhi njia yake kwa hatua na fimbo, na pikipiki moja iliyosimamishwa njiani yatosha kumwangusha. Mwenye usonji aweza kushtushwa na honi na msongamano akakimbilia barabarani. Aghalabu humfaa kushushwa mahali palepale kila siku, na kupokewa na mtu yuleyule.

Na sisi je? Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Na kifungu cha 9 chataja majengo, barabara, usafiri na shule. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2010. Kenya, iliyokuwa na sheria tangu mwaka 2003, ilipitisha mpya mwaka 2025. Basi maandiko tunayo. Upungufu uko langoni, saa moja kasorobo asubuhi, pale kila mmoja wetu asemapo, "Dakika moja tu." Watu thelathini wakipokezana dakika hiyo moja, ni nusu saa nzima, na mtoto yungali ndani ya motokaa akingoja.

Yako mambo yasiyongoja fedha nyingi. Wazazi na walimu wachague mahali pamoja karibu na lango, penye ardhi ya sawa, papakwe chokaa na kuachwa wazi. Mtaro uwekewe kifuniko imara. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 ijengewe mteremko wa saruji usiopungua sentimita 180, maana kila sentimita moja ya kimo yataka 12 za urefu. Mteremko mkali kuliko huo huweza kukipindua kiti. Mtu mmoja asimame langoni asubuhi na wakati wa kutoka. Na madereva wa mabasi, bajaji na bodaboda waelezwe mapema, wasije wakagombezwa kwa jambo wasiloambiwa.

Wengine watasema: Shuleni kwetu hakuna mtoto wa namna hiyo. Twawajibu: Yamkini hayupo kwa kuwa hana pa kupitia. Na wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Mguu unaovunjika kesho waweza kuwa wa mwanao au wako.

Nanyi vijana mna sehemu yenu. Mwenzenu si mzigo wa kuvutwa. Muulizeni kwanza kama ataka msaada, na kwa namna gani, kabla ya kukishika kiti chake.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni hisani. Hisani mtu hutoa apendapo, bali hii ni haki, na mzazi hapaswi kuomba radhi kila asubuhi kwa kumleta mwanawe shule. Basi kesho tufikapo, tusimamishe motokaa zetu mbali kidogo na lango, tukatembea na wana wetu hatua hizo chache. Sisi twaziweza.