Kabla mzee hajauza shamba, nenda ukapimwe macho

Ukiishi Utawala, Fedha au Pipeline, ndege si ajabu kwako. Zinapita juu ya paa usiku na mchana zikielekea JKIA, na watoto wa ploti wanazijua kwa rangi ya mkia. Waulize wanataka kuwa nani, hakosi wa kusema rubani. Waulize rubani anaanzia wapi, kimya. Kisha mmoja anakata kauli: "Hiyo ni ya watoto wa wadosi."

Nusu ya jibu hilo ni kweli. Kusomea urubani hapa Kenya ni mamilioni ya shilingi, tusidanganyane. Nusu ya pili siikubali. Familia ya kawaida haimalizwi na bei peke yake, inamalizwa na kufuata hatua kinyumenyume. Shamba linauzwa, harambee inaitishwa, karo inalipwa, halafu ndipo kijana anapelekwa kwa daktari. Mimi nasema daktari kwanza, doo baadaye.

Sababu ni hii. Huwezi kuajiriwa kurusha ndege ya abiria bila cheti cha afya cha daraja la kwanza. Unakipata ukishapimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa ndege nchini, KCAA. Anaangalia macho, masikio, moyo na magonjwa uliyowahi kuugua, kama kifafa. Miwani haikufungii mlango, mradi ukiivaa unaona sawasawa. Rangi ndizo zinaweza kukuangusha, kwa sababu taa za uwanja wa ndege zinaongea kwa rangi, na kuna watu, hasa wavulana, wanaofika miaka 18 bila kujua kwamba hawatofautishi nyekundu na kijani. Kipimo cha awali, kile cha kitabu chenye vidoti vya rangi, unaweza kufanyiwa na daktari wa macho wa kawaida. Sasa linganisha gharama yake na ekari ya mzee.

Ukipita hapo, umri uko upande wako. Leseni ya mwanafunzi unaweza kuipata ukiwa na miaka 16, ya rubani binafsi 17, na ile ya biashara, inayokuruhusu kulipwa, 18. Na leseni haiulizi digrii. Mimi nilitoka chuoni kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua vile watu hukuangalia ukikosa hiyo karatasi. Hapa kinachohesabiwa ni saa ulizoruka, mitihani na afya.

Hiyo haimaanishi utupe vitabu. Utatahiniwa kuhusu hali ya hewa, sheria za anga, jinsi ndege inavyopaa na jinsi ya kupata njia ukiwa juu. Hesabu na fizikia unazozikwepa leo zitakungoja huko mbele. Kiingereza pia kinapimwa, maana rubani na waongozaji wa ndege huelewana kupitia redio. Na kama uko Gredi ya 9 unachagua mkondo wa sekondari ya juu, fikiria kwa makini kabla ya kuiacha STEM kwa sababu tu marafiki wameiacha.

Tuje kwa pesa. Shule nyingi za urubani ziko uwanja wa Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata, na matatu inakufikisha. Nenda siku moja na mzazi, muulize bila aibu. Shule hii imeidhinishwa na KCAA? Thibitisha na KCAA wenyewe, usiridhike na bango. Saa moja ya ndege ni ngapi, na mafuta yakipanda nani analipa? Mna ndege ngapi zinazoruka leo, mbali na zile zimeegeshwa zikingoja vipuri? Nikiacha katikati, narudishiwa nini? Shule inayokasirika ukiuliza hivyo imeshakujibu.

Usilipe zote kwa mkupuo. Leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 40 angani. Ya biashara ni saa 200, au 150 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa ya moja kwa moja. Zichukulie kama ngazi za ghorofa, ulipie ngazi moja baada ya nyingine. Ila usikanyage ngazi kabla hujawa na pesa ya kuimaliza. Ukiruka saa tano kisha ukae miezi sita ukitafuta karo, mikono inasahau, na utalipia tena kile ulichokuwa umeshajua. Afadhali uchelewe mwaka mzima ukijipanga.

Kuna jingine ambalo wengi hawaambiwi mapema: leseni ya biashara si kazi. Shirika kubwa litataka pia uwe na kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa pekee, wakati nje huoni kitu, na kibali cha ndege za injini zaidi ya moja. Ili uwe kapteni wa ndege kubwa, unahitaji leseni ya juu kabisa, ambayo ni saa 1,500. Hizo saa wengine huzikusanya wakifundisha wanafunzi wapya, wengine wakirusha ndege ndogo kama Cessna Caravan zinazopeleka watalii Maasai Mara na mizigo kule barabara ni mbovu. Ni kazi ya miaka. Anayekuahidi kuomoka haraka anataka kukuuzia kitu.

Muangalie Irene Koki Mutungi. Aliajiriwa na Kenya Airways mwaka wa 1995. Mwaka wa 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Miaka 19 imepita hapo katikati. Babake pia alikuwa rubani, na kusema hivyo hakumpunguzii sifa hata kidogo. Kunatuonyesha tu kwamba nyumbani alikuwa na mtu wa kumwambia hatua ya kwanza ni ipi. Mtoto wa Pipeline hana huyo mtu.

Hapo ndipo nawageukia wakubwa. Kibra iko karibu kabisa na Wilson, na Embakasi imeuzunguka JKIA. KCAA ipeleke watu kwenye shule za sekondari za mitaa hiyo, waeleze leseni na vipimo kwa lugha rahisi. Shule za urubani zitangaze bei ya saa hadharani, isiwe siri ya ofisini. Na basari za kaunti na za maeneo bunge, ambazo tayari hulipa karo, ziwalipie vijana wachache wenye alama nzuri gharama ya kupimwa afya. Ni pesa kidogo, na zinaweza kuokoa shamba la mtu.

Wewe unayesoma hii kwa simu, kazi ya mwezi huu ni moja: pimwa macho na rangi. Ukipita, mwambie mzee mwende Wilson pamoja. Ukianguka, ndege bado inahitaji mafundi na wahandisi, na shamba bado ni lenu.